Godoro la upepo na usiku khocha alipolala kitini

Nimekuwa kimya siku nyingi, kazi za kuandika programu zimenibana. Leo naweka kompyuta kando kidogo. Nataka tuzungumze kuhusu kifaa ambacho siku hizi kinauzwa kila mahali, na ambacho kilinitia aibu mbele ya khocha wangu. Ni godoro la upepo.

Kwa wasiojua, khocha kwa Kibukusu ni mjomba, ndugu yake mama. Kwetu huyu ni mtu mkubwa. Tohara yetu hufanyika Agosti ya miaka shufwa, na kijana asiyepitia kwa khocha wake hajakamilisha safari. Agosti 2024 ilikuwa zamu ya mtoto wa kaka yangu, nyumbani Kitale. Wageni walijaa kuliko vitanda. Mimi naishi Bungoma mjini, nikajitolea kuleta godoro la upepo la watu wawili nililokuwa nimelinunua. Nilikuwa nimelilalia usiku mbili Bungoma na nikalipenda. Nikasema hili atalalia khocha mwenyewe, mzee wa miaka 74 aliyekuja kwa matatu kutoka upande wa Chwele.

Saa tisa usiku nikatoka kwenda msalani. Nikamkuta mzee ameketi kwenye kiti cha sebuleni, amevaa koti na kofia, blanketi mbili nilizompa amejifunga mabegani. Asubuhi nilipomuuliza alilalaje, akajibu kwa adabu kwamba amelala vizuri. Nilipombana akacheka, akasema: "Kitanda chako kina baridi ya mtoni. Kinanijia kutoka chini. Mama alikuwa akitujazia magunia majani makavu ya migomba na maganda ya mahindi, tukilala sakafuni, na hatukujua baridi."

Sisi waandishi wa programu tuna kisingizio chetu cha miaka yote: kwenye mashine yangu inafanya kazi. Hivyo ndivyo nilivyofanya. Nilijaribu Bungoma, mita kama 1,400 juu ya usawa wa bahari, nikapeleka Kitale, mita kama 1,900, ambako usiku wa Agosti joto hushuka hadi nyuzi 11 au 12. Lakini maneno ya mzee yalinisumbua. Iweje gunia la majani lishinde godoro la dukani? Nikaanza kuchimba historia yake.

Godoro hili ni mtoto wa mpira. Mwaka 1823 Charles Macintosh wa Scotland alipata hataza ya kitambaa kilichopakwa mpira kisichopitisha maji. Kitambaa kisichopitisha maji kinaweza pia kuzuia hewa, kwa hiyo mito na vitanda vya kujaza upepo havikuchelewa kujitokeza. Shida ilikuwa mpira wenyewe. Kwenye joto ulinata, kwenye baridi ulikakamaa. Dawa ilikuwa kuupika pamoja na salfa, na Mmarekani Charles Goodyear alipata hataza yake mwaka 1844. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyekuwa akiishi Belfast, akapata hataza ya tairi la upepo la baiskeli. Mwaka uliofuata, 1889, kampuni moja ya mji wa Reading, Massachusetts, ikaanza kutengeneza magodoro ya upepo.

Na hapa ndipo nilipokaa sawa kitini. Magodoro yale yalikusudiwa meli za kuvuka bahari ya Atlantiki. Yalichukua nafasi ya magodoro yaliyojazwa manyoya ya wanyama, ambayo yakilowa hayakauki upesi. La upepo halinywi maji, hukunjwa likawa dogo, na meli ikizama linaelea. Tazama orodha hiyo ya mahitaji, ndugu msomaji. Uzito mdogo upo, nafasi ipo, maji yapo. Joto la mlalaji halimo, kwa sababu baharia hulala ndani ya meli, hajalala kwenye sakafu ya simiti Kitale.

Tusisahau pia mpira huo ulitoka wapi. Tamaa ya mpira iliyowashwa na matairi ndiyo iliyowafanya watu wa Kongo ya mfalme Leopold wakatwe mikono na kuchomewa vijiji, mpaka nchi hiyo ilipoondolewa mikononi mwake mwaka 1908. Baadaye mpira ukapata mshindani. Mwaka 1926 Waldo Semon, mkemia wa kampuni ya Goodrich, aligundua namna ya kuilainisha plastiki ya PVC. Magodoro mengi ya bei nafuu tunayonunua leo ni ya plastiki hiyo.

Sasa turudi kwenye swali la khocha. Hewa iliyotulia ni kizuizi kizuri sana cha joto. Ndiyo siri ya blanketi, ya manyoya ya kondoo, na ya gunia la majani. Ndani ya gunia kuna vijichumba maelfu, na hewa ya kila kijichumba haina pa kwenda. Godoro la upepo ni chumba kimoja kikubwa. Kila ukigeuka hewa yote inachanganyika, ile iliyopoa chini na pembeni inaletwa juu kwenye mgongo wako. Joto nalo linavuka ule uwazi kama mionzi, bila kuzuiwa na kitu. Blanketi za juu hazisaidii, maana wizi unafanyika chini.

Kuna jambo la pili. Saa sita usiku godoro lilikuwa limelegea, na mtu wa kwanza kulaumiwa akawa mtoto aliyelirukia. Nikapiga hesabu. Godoro langu lina urefu wa sentimita 190, upana 137 na kimo 22, yaani kama lita 570 za hewa. Ukilijaza mchana kwenye nyuzi 25, kisha usiku hewa yake ikapoa hadi 12, ujazo unapungua kwa asilimia 4 na kitu. Hizo ni lita 25 hivi zimepotea bila pancha yoyote. Tena plastiki mpya hunyooka siku za kwanza. Mtoto hakuwa na kosa.

Waliotatua suala la joto walikuwa mafundi wenzetu. Mapema miaka ya 1970 kiwanda cha ndege cha Boeing kilipunguza maelfu ya wafanyakazi huko Seattle. Wahandisi wawili waliopoteza kazi, Jim Lea na Neil Anderson, pamoja na mpanda milima John Burroughs, walifunga sponji ndani ya mfuko usiopitisha hewa na kuuwekea valvu. Ukifungua valvu, sponji inajivuta na kunyonya hewa yenyewe. Wakaliita Therm-a-Rest. Sifa yake kubwa ni kwamba sponji inaikata hewa vipande vidogo. Kwa maneno mengine, wahandisi wa ndege walifika pale pale alipokuwa nyanya yangu na gunia lake.

Kwa hiyo ukienda kununua, nakushauri hivi. Kama ni la kulalia hemani, tuseme Chorlim kwenye lango la mbuga ya Mlima Elgon, tafuta lenye sponji au nyuzi ndani, na uangalie namba ya R kwenye lebo. Tangu 2020 kampuni nyingi kubwa za vifaa vya kambi hupima namba hiyo kwa kipimo kimoja. Godoro tupu la upepo huwa karibu na 1. Kwa baridi ya mlimani nataka 4 au zaidi. Kama ni la wageni nyumbani, lile la kawaida linatosha, ila chukua na pampu ya mguu, maana stima ikipotea pampu ya umeme ni pambo tu. Usipulize kwa mdomo, utaingiza unyevu na ukungu. Lijaze mchana, kisha liongeze upepo kabla mgeni hajalala.

Pancha nayo isikusumbue. Paka maji ya sabuni, povu litakuonyesha tundu. Lakini usilipeleke kwa fundi wa baiskeli. Mimi nilipeleka, akabandika kiraka vizuri kabisa, kesho yake kikabanduka. Solushen ya tyubu ni ya mpira, haishikani vizuri na PVC. Tafuta gundi ya vinili.

Na kubwa kuliko yote: tandika chini ya mgeni kabla hujamfunika juu. Mkeka chini ya godoro, na juu ya godoro blanketi nzito au sponji nyembamba, kisha shuka.

Khocha alirudi Kitale Krismasi ya mwaka huo huo. Nilikuwa nimemwachia kitanda changu, lakini akakataa, akataka kuona kama nimejifunza. Nikamtandikia. Alipiga magoti, akaingiza mkono chini ya shuka, akabonyeza blanketi polepole kama mtu anayekagua mahindi kama yamekauka. Hakusema neno. Akavua koti, akalitundika mlangoni, akalala. Saa tisa nilitoka kumwangalia. Kiti kilikuwa kitupu.