Kwa nini kima hawa 500 hawaruhusiwi kuzaa ovyo?

Tamarini simba wa dhahabu ni kima mdogo wa Brazil. Uzito wake haufiki hata kilo moja, rangi yake ni ya chungwa, na nywele zimemzunguka uso kama simba dume. Ndiyo maana akapewa jina hilo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alikuwa anaelekea kuisha. Misitu ya jimbo la Rio de Janeiro ilikuwa imekatwa, na wengi walikamatwa wakauzwa. Waliokuwa kwenye bustani za wanyama hawakufika 100.

Leo bustani hizo zina karibu 500. Idadi inafurahisha, lakini peke yake haitoshi. Swali kubwa ni hili: nani ni ndugu wa nani?

Undugu una shida gani?

Kila mnyama ana nakala mbili za kila jeni, moja ya baba na moja ya mama. Nakala moja ikiwa mbovu, mara nyingi ile nzima inaifunika. Ndugu wakizaa pamoja, mtoto anaweza kurithi ubovu ule ule kutoka pande zote mbili.

Mwaka 1979, Katherine Ralls na wenzake nchini Marekani walipitia kumbukumbu za wanyama wa kwato wanaofugwa kwenye bustani. Waliona kuwa watoto waliozaliwa na ndugu walikufa zaidi wakiwa wachanga. Baadaye hali hiyo hiyo ikaonekana kwa jamii ya kima na nyani.

Hesabu yake

Mzazi humpa mtoto nusu tu ya jeni zake. Kima akifa ameacha mtoto mmoja, nusu nyingine haikurithiwa. Akiacha wawili, kwa wastani robo tatu inabaki.

Sasa chukua kundi ambalo wanaozaa ni 10 tu. Kila kizazi linapoteza kama asilimia 5 ya utofauti wake wa jeni. Baada ya vizazi 10, karibu asilimia 40 imeshapotea, hata kama idadi yao haijapungua.

Daftari la ukoo

Hapo ndipo linapoingia daftari la ukoo. Kila tamarini aliye bustanini ana namba yake, na wazazi wake wanaandikwa humo. Mtafiti Devra Kleiman wa bustani ya taifa ya wanyama ya Washington aliongoza kazi ya kuwaokoa, na Jonathan Ballou akashughulikia hesabu za jeni.

Kanuni ni rahisi: asiye na ndugu wengi ndiye anayetangulia kuzaa. Dume mpweke asiye na mtoto ana thamani kuliko yule mwenye wajukuu kila bustani. Ndiyo maana kima husafirishwa nchi hadi nchi kutafutiwa mwenza, na jike ambaye ukoo wake umeshajaa anaweza kuwekewa kijiti cha kuzuia mimba.

Hakuna bustani inayojiamulia. Hata aliyezaliwa Washington huhesabiwa kuwa mali ya Brazil.

Faida imeonekana?

Ndiyo. Kuanzia 1984 hadi 2000, tamarini 146 waliozaliwa bustanini walipelekwa kwenye misitu ya Brazil. Mwanzoni wengi walikufa. Hawakujua kutafuta chakula wala kupita kwenye matawi laini. Lakini waliobaki walizaa, na watoto wao waliuzoea msitu. Mwaka 2003 tamarini alishushwa daraja moja kwenye orodha ya wanyama walio hatarini, japo hatari haijaisha.

Kisha ikaja homa ya manjano. Mlipuko wa 2017 na 2018 uliondoa karibu theluthi ya waliokuwa porini, wakashuka kutoka takriban 3,700 hadi 2,500. Chanjo ikaanza kutolewa kwa kima wenyewe, na sensa ya 2023 ikakuta wamefika karibu 4,800.

Homa hiyo imeonyesha kwa nini wale 500 wanahitajika. Wao ni akiba, pigo lingine likitokea msituni. Lakini akiba ya kima 500 ambao wote ni watoto wa baba mmoja ingekuwa akiba ya jina tu.

Kwa hiyo siku ukiona kima amekaa peke yake bustanini, usimwonee huruma haraka. Huenda mwenza wake yuko njiani, anatoka nchi nyingine.