Taa ya Kaburi la Dhulkifli

Jina la Dhulkifli limekuja mara mbili tu katika Qur'ani Tukufu. Katika Sura ya Al-Anbiyaa, aya ya 85, ametajwa pamoja na Ismail na Idrisi, akahesabiwa katika wenye kusubiri. Na katika Sura ya Saad, aya ya 48, akawekwa pamoja na walio bora. Wanavyuoni wamekhitalifiana juu yake. Wako waliosema alikuwa mtu mwema tu, si Nabii, na wako waliosema ndiye Hizqili, Nabii wa Bani Israili aliyechukuliwa mateka na Bukhtunassar mpaka Babil, kiasi cha miaka 600 kabla ya Nabii Isa (A.S.).

Huko Iraki, kusini ya mji wa Hilla, kando ya mto Furati, upo mji mdogo uitwao Al-Kifl. Kaburi lililomo humo Mayahudi hulinasibisha na Hizqili, na Waislamu na Dhulkifli. Kuba lake si la mviringo kama tulizozoea. Limechongoka kwenda juu tabaka kwa tabaka, mfano wa sega la nyuki. Karibu yake upo mnara wa zama za Sultani Uljaitu wa Kimongoli, aliyefariki mwaka 1316.

Msafiri wa Kiyahudi, Benjamin wa Tudela, alifika hapo katika karne ya 12. Aliandika kuwa taa ikiwaka juu ya kaburi usiku na mchana, na wakubwa wa Kiislamu nao wakija kuomba. Na hata wakati wa vita hapana aliyethubutu kupagusa mahali hapo. Zingatia hayo, msomaji: hata wakati wa vita!

Ugomvi juu ya nani mwenyewe ulikuwako, hasa katika karne ya 19. Lakini mambo yaligeuka baada ya vita vya Palestina vya 1948. Katika miaka ya 1950 na 1951 Mayahudi zaidi ya 120,000 waliihama Iraki, wakavuliwa uraia na mali zao zikazuiliwa. Waliokuwa wakija kuzuru kila mwaka hawakuja tena, na ufunguo ukabaki kwetu Waislamu. Aliyewahi kuachiwa nyumba na jirani asiyerudi anaujua uzito wake.

Mwaka 2010 zilienea habari kuwa maandishi ya Kiebrania yaliyomo ndani yatafutwa. Wakuu wa Iraki wakakanusha. Tangu hapo msikiti umetengenezwa na kupanuliwa, na wenye kuzuru, wengi wao Mashia, hawakatiki. Na kwenye kuta za chumba cha kaburi, chini ya maua yaliyochorwa darini, maandishi yale ya Kiebrania bado yanasomeka.