Jina la Anna Jeanes Kabete

Kando ya barabara ya Lower Kabete, jirani na Loresho, kuna Kenya School of Government, chuo ambako maafisa wa umma hupata mafunzo. Zamani waliosoma hapo walikuwa walimu wa vijijini, nao walikuja na wake na watoto wao. Mahali hapo paliitwa Jeanes School.

Jina hilo lilivuka bahari. Anna Jeanes alikuwa mwanamke wa Philadelphia, muumini wa madhehebu ya Quaker. Mwaka 1907, miezi michache kabla ya kufariki, alitoa dola milioni moja kwa ajili ya shule za vijijini za Wamarekani weusi wa kusini. Mwaka uliofuata Virginia Randolph, mwalimu wa Henrico katika jimbo la Virginia, akaanza kazi kwa fedha hizo. Alizunguka shule moja baada ya nyingine, akiwasaidia walimu wenzake kufundisha vizuri zaidi, kulima bustani na kutunza usafi.

Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes kutoka Marekani ilifika Afrika Mashariki kuchunguza elimu. Kiongozi wake alikuwa Thomas Jesse Jones, na miongoni mwa wajumbe alikuwamo James Aggrey, msomi mzaliwa wa Gold Coast, Ghana ya leo. Tume iliona kwamba kazi ya Randolph ingeweza kufanyika hata huku. Shirika la Carnegie la New York likachangia fedha, serikali ya kikoloni ikashirikiana na misheni, na mwaka 1925 shule ikafunguliwa Kabete. Mkuu wake wa kwanza, Mskoti James Dougall, alikuwa katibu wa tume ileile.

Mwalimu aliyechaguliwa na misheni yake alihamia Kabete na familia nzima. Yeye alijifunza ualimu, kilimo na afya ya kijiji. Mkewe alijifunza malezi na utunzaji wa nyumba. Wakirudi kwao, mume alikabidhiwa kundi la shule ndogo za kuzungukia, na nyumba yao ikawa mfano kwa majirani. Kumfundisha mke pamoja na mume, katika miaka ile, lilikuwa wazo lenye heri.

Lakini mzazi Mkikuyu wa Kiambu, jirani na Kabete, hakuwa ameulizwa anataka nini. Tayari alikuwa amepoteza ardhi kwa walowezi, na elimu ya jembe na useremala ilimtia shaka: aliona itamwandaa mwanawe kuwa kibarua wa mlowezi. Alitaka Kiingereza, hesabu na vitabu. Mwaka 1929 mgogoro kuhusu tohara ya wasichana uliwafarakanisha Wakikuyu wengi na misheni, wakawaondoa watoto wao na kujijengea shule huru.

Wakati huo Mbiyu, mwana wa Chifu Koinange wa Kiambu, alikuwa masomoni Marekani. Alikuwa ameanzia Hampton, Virginia, chuo kilichosifika kwa elimu ya kazi za mikono, ileile iliyowavutia waanzilishi wa Kabete. Baadaye alisoma Ohio Wesleyan na Columbia. Aliporudi, mwaka 1939 alifungua Githunguri chuo cha kuandaa walimu wa shule huru. Mariika, yaani makundi ya rika ya Wakikuyu, yalishindana kukichangia, na akina mama wakachanga fedha za bweni la wasichana. Serikali ilikifunga mwaka 1952, ilipotangaza hali ya hatari.

Kabete nako kulibadilika. Baada ya vita ya pili ya dunia, shule iligeukia elimu ya watu wazima, na mwaka 1961 ikawa Kenya Institute of Administration.

Sidharau fedha za Carnegie: ziliandaa walimu pale ambapo serikali ilitoa kidogo mno. Ila Githunguri hawakumsubiri mfadhili. Kila riika lilileta mchango wake, na kwa mchango huo mzazi akapata kauli juu ya masomo ya mtoto wake. Kauli hiyo ndiyo iliyokosekana Kabete tangu siku ya kwanza.