Usiisugue sanamu ya shaba kabla hujaijua

Babu yangu alikuwa baharia. Katika safari moja alirudi na sanamu ya askari wa Kifaransa, urefu wake kama dhiraa moja, bunduki begani. Bibi hakutaka sanamu sebuleni, akaifungia stoo. Babu alipofariki niliikuta imekuwa nyeusi, nikaisugua kwa ndimu na mchanga mpaka ikang'aa kama sinia la harusi. Mnunuzi aliyekuwa ameiona pichani alipofika na kuiona imeng'aa alitikisa kichwa, akashusha bei chini ya nusu. Weusi ule nilioutoa ndio aliokuwa akiulipia.

Tangu siku ile nimejifunza mambo ambayo napenda wenzangu wayajue, maana nyumba nyingi za Mombasa, Malindi na Lamu zina vitu vya wazee ndani ya makabati.

Kwanza, shaba gani? Sisi huita shaba vitu vitatu. Shaba nyekundu ni madini yenyewe. Ikichanganywa na zinki huwa shaba ya manjano. Ikichanganywa na bati huwa ile ngumu inayopendwa kwa sanamu. Njia kongwe ya kuitengeneza ni kufinyanga umbo kwa nta, kulifunika kwa udongo, kuiyeyusha nta itoke, kisha kumimina shaba mahali pake. Siwa ya shaba ya Lamu, iliyo katika makumbusho ya mji huo, ilitengenezwa hivyo.

Sanamu nyingi za askari zinazotafutwa na wakusanyaji zilitoka Ufaransa karne ya 19. Karakana ya Ferdinand Barbedienne mjini Paris ilianzishwa mwaka 1838 akishirikiana na Achille Collas, aliyebuni mashine ya kunakili sanamu kubwa kwa kipimo kidogo. Hapo sanamu zikaingia majumbani mwa watu wa kawaida. Wengine wakatengeneza za zinki, wakazipaka rangi zifanane na shaba.

Ili usiuziwe mbuzi kwenye gunia, fanya haya:

Sumaku. Ikinata, ni chuma. Isiponata, usishangilie bado, kwani hata zinki na plastiki hazinati.

Mlio. Igonge taratibu kwa ukucha. Shaba hulia kama kengele na sauti hukaa. Zinki hutoa mlio mfupi, mzito.

Chini ya kitako. Tafuta mahali palipokwaruzika. Shaba huonyesha manjano au wekundu, zinki huonyesha kijivu.

Vidole, vifungo na uso. Kazi nzuri ina mistari mikali. Shaba ikipoa husinyaa, kwa hiyo nakala iliyotolewa kwenye sanamu nyingine huwa ndogo kidogo na sura yake butu.

Jina. Tazama saini ya msanii na muhuri wa karakana, lakini usiutegemee muhuri peke yake. Nao hunakiliwa.

Kuhusu utunzaji, pwani yetu ina adui wake: chumvi ya hewani. Ukiona vidoa vya unga wa kijani hafifu, shaba inaliwa. Iweke pakavu na umtafute mtaalamu. La sivyo, kitambaa laini kikavu kinatosha kufuta vumbi. Ndimu, siki, mchanga na brashi ya waya viache jikoni.

La mwisho ni sheria. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya Kenya ya mwaka 2006 inahesabu kuwa kitu cha kale kile kilichotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya mwaka 1895. Kukitoa nje ya nchi kunahitaji kibali, na kufanya biashara ya vitu hivyo kunahitaji leseni. Mnunuzi akikuambia mambo ya karatasi hayana haja, mwonyeshe mlango.

Na anayekuja na mizani kununua kwa kilo, kama vyuma vikuukuu, mwambie arudi kesho. Wewe kwanza ipindue, usome kilichoandikwa chini.