Kipimo cha moshi wa magari kilivyofumbua fumbo la mshipa

Kazi ya kwanza ya kifaa hiki ilikuwa moshi. Miaka ya 1960 ilipokuwa ikiisha, jua la Los Angeles lilikuwa likipika hewa chafu ya magari hadi ikawa ukungu wa kuwasha macho, na mmoja wa washukiwa wakuu alikuwa oksidi ya nitriki, gesi isiyo na rangi inayozaliwa ndani ya joto la injini. Mwaka 1970 Arthur Fontijn na wenzake wakachapisha njia ya kuipima: ikutanishe na ozoni ndani ya chumba chenye giza. Gesi hizo zikipambana, hutoka mwanga mwekundu hafifu, mwingi wake hauonekani kwa jicho. Neli maalumu huunasa na kuukuza, nayo hupozwa ili joto lake lisijifanye mwanga. Mwanga ukizidi, gesi imezidi.

Watafiti wa mishipa ya damu walikuwa na fumbo lao. Robert Furchgott wa Brooklyn alionyesha mwaka 1980 kwamba mshipa wa sungura hulegea ukitiwa asetilikolini, lakini ukikwanguliwa utando wake wa ndani, haulegei. Utando ulikuwa ukitoa kitu kinachodumu sekunde chache tu. Mwaka 1986 yeye na Louis Ignarro wakasema kitu hicho ni oksidi ya nitriki. Gesi ya ekzosi, mwilini!

Ushahidi ulitoka maabara za Wellcome huko Beckenham, Uingereza. Mwaka 1987 Richard Palmer, Ferrige na Salvador Moncada waliotesha seli za mshipa wa nguruwe juu ya vishanga, wakazichokoza kwa bradikinini, kisha majimaji yaliyotoka wakayatia kwenye asidi ya asetiki inayochemka pamoja na iodidi ya sodiamu. Chombo hicho cha asidi husahaulika mno katika masimulizi, ilhali ndicho ujanja wenyewe. Kifaa cha ozoni huona oksidi ya nitriki tu, nayo ikiwa majini haikawii kugeuka nitriti. Asidi na iodidi huirudisha kuwa gesi, ikapelekwa kwenye ozoni, ikahesabiwa. Kiasi kilichopatikana kilitosha kueleza kulegea kwa mshipa.

Nobeli ya 1998 ilikwenda kwa Furchgott, Ignarro na Ferid Murad. Moncada hakuwemo, na mimi bado naona alidhulumiwa.

Kufikia hapo kifaa kilishafika kwenye pumzi. Mwaka 1991 watafiti wa Stockholm waliikuta gesi hiyo katika hewa tunayotoa. Miaka miwili baadaye ikaonekana kwamba wenye pumu huitoa kwa wingi zaidi. Leo mgonjwa hupuliza polepole, mililita 50 kwa sekunde, na mtu mzima akizidisha sehemu 50 kwa bilioni, daktari hushuku uvimbe wa njia za hewa unaosikia dawa za steroidi.

Ila kabla ya kupuliza huvutishwa kwanza hewa iliyochujwa. Hewa ya mjini ina oksidi ya nitriki yake tayari, nyingi ikitoka kwenye ekzosi za magari.