Kwa Miguu Hadi Dhahabu ya Kilwa

Lisbon ni mji wa vilima, na msafiri atakaye kuujua hana budi kuutembea. Njia zake zimetandikwa mawe madogo yaliyolainishwa na nyayo za watu, hata mvua ikinyesha huwa utelezi mtupu. Mwenye viatu vya soli laini atajuta kabla ya adhuhuri.

Akianzia mtaa wa Alfama, chini ya ngome kongwe, ataona vichochoro vilivyobanana, vikipanda kwa ngazi na kugeuka ghafula, na nguo zimeanikwa madirishani juu ya vichwa vya wapitao. Mwenyeji wa Lamu hatajiona mgeni sana hapo. Jina Alfama lina asili ya Kiarabu, nalo ni la mzizi mmoja na neno hamamu. Mji huu ulikuwa mikononi mwa Waislamu kwa zaidi ya miaka 400, mpaka ulipotekwa na Mfalme Afonso Henriques mwaka wa 1147. Waislamu waliobaki walitengewa mtaa wa Mouraria, na wazao wao wakaishi humo mpaka Desemba 1496, Mfalme Manuel alipotoa amri kwamba Waislamu na Wayahudi waihame nchi. Jina la mfalme huyo na liwekwe akilini.

Ashukapo bondeni, msafiri huona mji mwingine kabisa: njia zimenyooka kama uzi, na nyumba zinalingana. Mji wa kale uliokuwapo hapo uliangamizwa tarehe 1 Novemba 1755 kwa tetemeko la ardhi, moto, na mawimbi ya bahari. Katika ujenzi mpya mafundi walipangiwa njia zao, na masonara wakapewa Rua do Ouro, yaani Njia ya Dhahabu. Mwisho wake ni uwanja mkubwa ukabilio mto Tagus. Hapo ndipo liliposimama jumba la Manuel, pamoja na Casa da Índia, ofisi iliyosimamia biashara ya ng'ambo. Vyote viliteketea siku ile, pamoja na nyaraka nyingi ambazo mwanahistoria wa pwani ya Afrika Mashariki angezipa thamani kuliko jumba lenyewe.

Lakini kimoja kilisalia. Msafiri akifuata mto kuelekea magharibi, atafika katika jumba la makumbusho la sanaa za kale, Rua das Janelas Verdes. Ndani yake mna monstransi, chombo cha kanisa cha kuonyeshea Ekaristi, kilichofuliwa kwa dhahabu na kutiwa nakshi za rangi. Kimo chake chapata sentimita 73. Mitume 12 wamepiga magoti kuizunguka hostia, na nyuso zao ni ndogo mno hata mtazamaji hulazimika kuinama. Fundi wake ni Gil Vicente. Maandishi ya kwenye tako lake yasema kwamba Manuel aliamuru kifanywe kwa dhahabu ya párias za Kilwa, na kwamba kilikwisha mwaka wa 1506.

Neno hilo lataka uangalifu. Alifasiriye kuwa ushuru, akadhani ni ushuru wa forodha, amepotea. Katika karne ya 11, wafalme wa Kikristo wa Hispania walitoza párias kwa maamiri wa Kiislamu wa Andalusi, iwe bei ya kutoshambuliwa. Neno lilipanda merikebu pamoja na mizinga. Vasco da Gama alipofika Kilwa mwaka wa 1502, alimtisha Amir Ibrahim kwa mizinga hiyo mpaka akalipa. Dhahabu yenyewe haikuchimbwa Kilwa. Ilitoka nyanda za juu za Zimbabwe ikashuka Sofala, na Kilwa ikatajirika kwa kuipitisha. Malipo ya baadaye hayakutolewa, na Julai 1505 Francisco de Almeida akauteka mji na kuupora, Ibrahim akakimbia. Kwa hiyo sonara alipomaliza kazi yake, aliyenunua amani kwa dhahabu ile alikuwa hana mji tena.

Watazamaji wengi huusifu ustadi, wakaenda zao. Ustadi wastahili sifa kweli; ila chombo chenyewe hakifichi kilikotoka, nao husoma kila kibao ukutani isipokuwa maandishi yale ya takoni.

Yapata kilomita nne mbele, huko Belém, iko monasteri ya Jerónimos, ambayo Manuel aliiachia chombo hicho katika wasia wake. Ujenzi wake ulisaidiwa na sehemu ya ishirini ya mapato ya biashara ya Afrika na Mashariki. Karibu na mlango wa kanisa lake limo kaburi la Vasco da Gama, ambaye mabaki yake yaliletwa humo mwaka wa 1880. Jiwe lake limechongwa merikebu, matanga yametanda.