Koroboi, Hadubini na Faili la Pembetatu

Wiki hii naomba mniruhusu niweke siasa pembeni. Wanasiasa tutawakuta wiki ijayo, hawana pa kwenda. Nataka kuzungumzia michoro: inatoka wapi, inafikaje hapa Mirongo, na kwa nini ikishafika mara nyingine inakuwa kama lile jiwe la Bismarck pale ziwani, unaitazama na kuipiga picha, lakini kuisogeza huwezi.

Hebu tuanzie Makoroboi. Watu wa Mwanza tunapita pale kila siku na wala hatujiulizi kuhusu jina. Koroboi ni taa ya kopo, mafuta ya taa na utambi. Anayetaka kuitengeneza hahitaji mchoro wala ruhusa ya mtu. Anachukua moja, anaipindua, anaona ilipokunjwa na ilipotiwa lehemu, anakwenda kutengeneza ya kwake. Akitaka mdomo mpana, anakata mdomo mpana. Taa yenyewe ndiyo mchoro wake.

Kompyuta ilipoingia kwenye kazi ya kuchora mashine, huo uhuru ukapotea. Kila kampuni iliyouza programu ya kuchora ilikuwa na aina yake ya faili, na programu ya jirani haikuweza kulisoma. Mwaka 1980 Wamarekani wakatoa lugha ya pamoja, IGES, ili viwanda vikubwa viweze kupeana michoro. Mwaka 1994 ikaja STEP, ambayo ni kiwango cha kimataifa, ISO 10303. Hizi zilikuwa lugha za wenye viwanda vya ndege na magari, sisi hatukuwemo. Lakini katikati hapo, mwaka 1987, kampuni ya 3D Systems ya Chuck Hull ilileta faili la STL kwa ajili ya mashine zake za kujenga vitu tabaka kwa tabaka. Hilo ndilo lililotufikia sisi, na ndilo lililonitesa mimi.

STL ni wavu wa pembetatu, basi. Linachukua umbo la kitu na kulifunika kwa vipembetatu, maelfu kwa maelfu. Halijui duara ni nini. Halijui kwamba tundu ni tundu la skrubu. Hata kipimo halisemi: ukikuta namba 20 ndani yake, ni juu yako kukisia kama ni milimita au inchi, na ukikosea kitu kinatoka kikubwa mara 25.4. Kwa mashine ya kuchapa inatosha kabisa. Kwa anayetaka kubadilisha kitu, ni kama kupewa ugali na kuambiwa urudishe unga.

Mashine zenyewe zilikuwa ghali mno hadi Adrian Bowyer, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Bath, Uingereza, alipoanzisha RepRap mwaka 2005: mashine ya kuchapa ambayo michoro yake iko wazi na ambayo inaweza kuchapa sehemu kubwa ya vipuri vyake yenyewe. Hataza ya Scott Crump ya kuyeyusha plastiki tabaka kwa tabaka ikaisha mwaka 2009, na mlango ukafunguka. Dar es Salaam, vijana wa STICLab wakatengeneza mashine hizo kwa vipuri vilivyotolewa kwenye taka za kompyuta. Wenye kusema Mtanzania anangoja kuletewa, hapo sijui watasemaje.

Sasa hadubini. Inaitwa OpenFlexure. Ilianzia Cambridge, ikaendelezwa Bath, na STICLab pamoja na Taasisi ya Afya Ifakara wakawa washirika wa kazi hiyo, lengo moja kubwa likiwa kupima malaria. Jukwaa lake la kuwekea kioo halitelezi juu ya reli za chuma. Ni plastiki tupu yenye miguu myembamba inayopinda, na kupinda huko kunaisogeza kwa hatua ndogo kuliko mikroni moja. Jicho lake ni kamera ya Raspberry Pi. Mwaka 2020 wahusika walichapisha maelezo yake kwenye jarida la kisayansi, wakionyesha na picha za vimelea vya malaria.

Hapa Mirongo nina rafiki, tulisoma wote chuo, ana chumba kimoja karibu na mto na mashine moja ya kuchapa. (Mto wenyewe tusiuongelee, mnaujua.) Shangazi yake ni mtaalamu wa maabara kwenye zahanati moja kando ya ziwa. Hadubini yao ilivunjika kirekebisho, kipuri hakipatikani, na kwa muda mrefu wamebaki na vipimo vya haraka tu. Hivyo vinakwambia una malaria au huna, lakini havikuhesabii vimelea. Akamwuliza mpwa wake, "Hiyo ya plastiki unaweza?"

Rafiki yangu alikuwa na kamera iliyotolewa kwenye kompyuta ya mapajani iliyokufa, pana kwa milimita mbili kuliko ile inayotakiwa. Akashusha faili la STL, tukaliingiza kwenye FreeCAD. Kompyuta ikaganda. Ilipozinduka, tukaona umbo zuri kweli, ila kila ulipobofya unashika pembetatu moja. Tukaligeuza kuwa umbo zima. Ikachukua muda wa kunywa chai na chapati, na bado kitako cha kamera kikabaki vipande elfu visivyojua kwamba ni kitako. Usiku wa kwanza ukaisha hivyo.

Kesho yake akasema tutafute chanzo. Hadubini ile imeandikwa kwa OpenSCAD, programu iliyotoka mwaka 2010, ambayo huchori kwa panya bali unaandika maneno na namba. Tukachukua faili moja, likagoma, kwa sababu linaita mafaili mengine ambayo hatukuyashusha. Tukachukua folda nzima. FreeCAD nayo inaweza kuyasoma mafaili hayo kama OpenSCAD imo kwenye kompyuta, lakini maumbo yaliyofumbatwa pamoja yanarudi tena kuwa wavu wa pembetatu. Kwa hiyo tukaachana nayo, tukafungua kwenye OpenSCAD yenyewe, tukatafuta mstari wenye upana wa kamera, tukaongeza 2. Mstari mmoja! Kuta zikajisogeza zenyewe.

Hapo ndipo nilipoelewa ninachotaka kuwaambia wenzangu wanaoandika habari za "teknolojia huria". Faili kutolewa bure si habari. Ulizeni ni faili gani. Anayetoa STL peke yake ameruhusu uchape alichokipenda yeye. Anayetoa chanzo amekupa koroboi uipindue.

Tulichapa usiku kucha, umeme ukakatika saa kumi alfajiri, tukaanza upya. Mara ya pili ikatoka. Kamera imekaa, jukwaa linasogea, tumetazama utando wa kitunguu. Damu bado: inahitaji lenzi ya mara 100 na mafuta yake, na shangazi amesema hatatoa jibu la mgonjwa kwa kifaa ambacho hakijalinganishwa na hadubini nzima. Ameomba kutumia ya wenzake Jumamosi, sampuli zile zile, pande mbili. Nitakuwepo.